Kila Mtu na Duara Lake

"Panda," nilimwambia bibi yangu.

Nilikuwa nimechutama mbele yake katikati ya ua wa zahanati, mtoto nimemfunga kifuani kwa leso, mgongo nimeuacha wazi. Watu wa foleni, kila mmoja ndani ya duara lake la chokaa, waligeuka kututazama. Soja wa getini, aliyekuwa ametukimbilia akatusimamisha hapo, alishika kiuno.

"Mama, unafanya nini sasa?"

"Si umesema mtoto anaruhusiwa kuwa na mamake duara moja kwa sababu hajui kusimama peke yake?"

"Nilisema mtoto."

"Basi huyu ni mtoto wangu wa pili. Bibi, panda."

Bibi haoni. Macho yake yalianza kufifia nikiwa shule ya msingi, na nilipomaliza kidato cha nne yalikuwa yameshazima kabisa. Yeye ndiye aliyenilea. Tukitoka, mkono wake wa kushoto hukaa begani pangu, mimi mbele yeye nyuma, kama watoto wanaocheza gari la moshi. Mkono huo ndio soja aliotaka utoke begani pangu. Sheria yao: kila mgonjwa duara lake, na asiyeumwa asubiri nje ya geti. Nilimweleza kwa adabu kwamba asiyeona hawezi kuliona duara. Nikamweleza tena kwa adabu iliyopungua. Akajibu, "Shosho asonge tu mbele kidogo kidogo, atazoea," na hapo adabu ikaniishia.

"Ntakuvunja mgongo, mke mwenzangu," Bibi alisema. Huniita hivyo tangu niolewe. Kwa utani wetu wa pwani mume wangu ni mume wake pia, na eti yeye ndiye mke mkubwa.

"Panda. Gunia la makaa lakushinda uzito."

Akanipapasa mabega, akapanda. Nilikuwa na hasira ya kumuuma mtu, wallahi, lakini nilipoinuka naye, buibui lake likinipiga miguuni, mtoto mbele ananivuta sikio, Bibi akaanza kucheka. Hucheka kwa mwili mzima, na mwili mzima ulikuwa juu yangu, kwa hiyo nami nikawa natikisika. Mama mmoja mwenye mimba akapiga kigelegele kana kwamba tunamtoa bi harusi. Nikampita soja, sisi watatu kwa pamoja, nikaenda nikasimama ndani ya duara moja.

"Haya," nikamwambia soja. "Hesabu vichwa upendavyo. Miguu iliyo chini ni miwili tu."

Sasa nirudi nyuma, maana mtu akikisikia kisa hiki kuanzia hapo ataniona nina wazimu, na mume wangu ashaniona nao.

Tunakaa Timbwani, Mombasa, ndani kidogo kutoka barabara inayoteremka feri. Mbele ya mlango wetu pana baraza la saruji, na kabla ya korona Bibi alikuwa na kazi moja kila siku akishasali alasiri: kukaa hapo apewe mikono. Kwetu mdogo hampiti mkubwa aliyekaa barazani hivi hivi. Unasimama, unatoa shikamoo, unampa mkono, unaubusu wake, ndipo uende zako. Kwa mwenye macho hiyo ni adabu tu. Kwa Bibi ndiyo yaliyokuwa macho yenyewe. Alimjua muuza mbaazi kwa kovu la mafuta ya moto kwenye kidole cha shahada. Alimjua fundi cherehani kwa ncha za vidole zilizochomwachomwa sindano. Watoto aliwajua kwa mikono inayonata rangi ya mabuyu, na akiwashika hakuwaachia mpaka waseme wameyapata wapi. Mimba yangu aliijua yeye kabla yangu. Nilimpa mkono asubuhi moja, akaubinyabinya, akasema, "Mke mwenzangu, vidole hivi si vyako peke yako."

Basi korona ikaja, tukaambiwa tusipeane mikono. Sikatai. Nimesoma, viini navijua. Hasira ninayo, ujinga sina. Na Bibi mwenyewe, mwenye presha na umri ule, ndiye wa kwanza aliyefaa kulindwa. Mimi mwenyewe niliweka ndoo ya maji na sabuni pembeni ya baraza na nikawafokea watoto wa jirani wasimsogelee.

Lakini watu wa mtaa wetu ni watiifu kwa namna yao. Walipoambiwa wasishike, waliamua kupunga. Wakawa wanampungia Bibi mkono kutoka ng'ambo ya njia. Kumpungia! Mtu haoni, nao wanapunga, na tabasamu lenyewe wamelifungia ndani ya barakoa. Wakishapunga roho zao zinatulia kuwa wamesalimia, wanajiendea. Bibi yuko pale kajitanda vizuri, kajifukiza udi, mkono wa kuume kauweka gotini tayari kupokewa, na mtaa mzima unampita kimya kimya.

Siku moja nilikuwa dirishani namnyonyesha mtoto, nikamuona fundi cherehani anapunga kwa bidii kama anayesimamisha feri.

"We fundi! Wampungia nani?"

"Namsalimia Bi Mkubwa."

"Kwani amekuona?"

Akatazama mkono wake mwenyewe, akatazama baraza. Wallahi ilimchukua muda. Kisha akapiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka: "Masalkheri, Bi Mkubwa!"

Bibi akaruka pale alipokaa. "Masalkheri mwanangu! Mbona unanigombeza?"

Nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Lakini usiku ule, nikimtandikia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi, mke mwenzangu, watu wamehama? Au kuna niliyemkosea? Ndia imekuwa kimya, hapiti mtu." Nikamwambia wapo wote, wanapunga tu. Akasema, "Ahaa," akageukia ukutani. Hapo sikucheka.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini Shanzu. Hoteli ikafungwa, akarudi nyumbani na mafunzo yake yote ya usafi wa kizungu, likiwemo la kusalimiana kwa viwiko. Jioni ya kwanza akamwendea Bibi, akamtolea kiwiko kwa heshima kabisa. Bibi akanyoosha mkono, akakishika, akakipapasa, uso ukambadilika.

"Mume wangu! Mkono umekatwa?"

"La, Bibi, ndiyo salamu ya sasa."

"Kiwiko?"

"Kiwiko."

"Na nibusu wapi?"

Huyo huyo mume wangu ana adabu nyingine aliyofundishwa na babake: mwanamume hakurupuki uani penye wanawake, hukohoa kwanza mlangoni wapate kujitanda. Akasahau dunia imebadilika. Jirani zetu wawili walikuwa wamekaa uani na barakoa zao, mbali mbali, wanamchekesha Bibi kidogo maana nilikuwa nimewaomba waje. Mume wangu akafika mlangoni akakohoa kikohozi chake kile kinene cha heshima. Nilikuwa bado sijageuka, jirani mmoja yuko juu ya ukuta, mwingine ametimkia mlango wa jikoni bila viatu.

"Rudini!" Bibi anaita. "Kikohozi cha mume wangu nakijua, hicho si cha ugonjwa!"

Hawakurudi wiki nzima. Tangu hapo mume wangu hugongagonga funguo mlangoni, na Bibi humwambia anasikika kama askari jela.

Haya yote yalichekesha, na tuliyacheka. Ya zahanati ndiyo yaliyonikaa kooni.

Bibi hutumia dawa za presha, na huzipata pale kila mwezi akishapimwa. Mara ya kwanza kwenda baada ya maduara kuchorwa, soja yule alinibakiza nje ya geti, nami nilikubali, nikiamini watu wa afya watajua la kufanya na kipofu. Nikamuona kupitia nondo za geti akiwekwa kwenye duara la mwisho. Soja akamwambia, "Shosho, watu wakisonga nawe usonge duara moja," akaenda kumfokea mtu mwingine. Nami nikaitwa na mama anayetaka kujua mtoto wangu anaharisha tangu lini, kumbe amenifananisha na mama mwingine, na nilipogeuka tena Bibi sikumuona.

Alivyosimulia yeye mwenyewe jioni, akichekesha uani, ni hivi: alisonga. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemsemesha, akafuata sauti ya nyayo. Nyayo zikamfikisha penye sauti ya maji yanayodondoka. Akajua ni mtu anayenawa mikono. Akasema, "Subalkheri." Kimya. Akasema tena. Kimya. "Nikasema moyoni, watu wa siku hizi! Kumbe naamkia tangi."

Tukacheka, naye akacheka. Lakini alipokuwa anaamkia tangi, muuguzi alikuwa dirishani anawaita wagonjwa kwa kidole, wewe, wewe, njoo wewe, maana sauti ndani ya barakoa haitoki. Bibi hakukiona kidole. Foleni ikaisha, dirisha likafungwa, akatolewa nje akiwa mikono mitupu. Tuliporudi kesho yake wakasema siku ya presha imepita, mpaka wiki ijayo.

Kabla ya wiki hiyo kufika, alfajiri, nikasikia kishindo. Bibi alikuwa ameamka kutawadha, kizunguzungu kikamchukua, akaanguka penye kizingiti cha choo. Nilimkuta amekaa chini, birika limemwagika, damu kidogo penye nyusi. Akaniambia, "Usipige kelele, utamuamsha mtoto." Mume wangu akakimbia akanunua dawa za siku chache kwenye duka la dawa, presha ikatulia. Lakini siku ya zahanati ilipofika Bibi akagoma. Akasema hataki tena kwenda mahali anapokuwa mzigo wa watu. "Mimi nimeishi. Waachie wenye macho foleni yao."

Mwanamke huyu alinisomesha kwa kuuza vitumbua, na sasa ananiambia atakaa nyumbani bila dawa ili asisumbue foleni! Nilimvalisha buibui karibu kwa nguvu. Nikamwahidi jambo moja: safari hii mkono wake hautatoka begani pangu, hata aje nani.

Ndivyo tulivyofika pale mlipotukuta, mimi nimembeba, mtoto kifuani, ua mzima unacheka.

Kelele zile zilimtoa sista mkuu. Alikuja na barakoa na plastiki ya usoni, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya kabati.

"Nini hii? Hapa ni hospitali, si harusi!"

"Sista," nikasema, "huyu ni mgonjwa wako. Mara iliyopita alisahauliwa humu ndani akiwa amesimama mbele ya tangi. Akakosa dawa, akaanguka. Hii hapa nyusi yake, itazame."

"Kuna utaratibu. Umbali ni kwa usalama wake mwenyewe."

"Tunalala nyumba moja. Tunakula sinia moja. Korona yangu yote ashaipata na chai ya asubuhi. Umbali wa hapa uani utamkinga na nini?"

Akafungua mdomo nadhani, barakoa ilisogea. Bibi, bado yuko mgongoni kwangu, akaingilia kwa upole kabisa: "Sista, subalkheri. Kama kuna maneno mengi, nishusheni kwanza, mke mwenzangu yuatetemeka miguu."

Hata soja akacheka. Nikamshusha. Bibi akapimwa pale pale, sote watatu kwenye duara moja, na presha yake ilikuwa juu lakini si ya kutisha. Sista akanikabidhi dawa za mwezi, kisha akainama karibu yangu, umbali wake kausahau.

"Leo nimekusaidia. Mwezi ujao usinifanyie hivi. Mimi nimeletewa agizo kutoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu."

Nilikuwa nimeshapata nilichokijia. Ningeenda zangu. Lakini kwenye duara la karibu na geti alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye fimbo nyeupe, peke yake, uso ameuelekeza kwenye mti. Alikuwa ameyasikia yote. Tulipompita akasema, "Mama, mwezi ujao utanibeba na mimi? Mimi ni mzito kidogo."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele kidogo, hewani, unatafuta. Bibi akamuuliza, "Watu wako wawapi?" Akasema mwanawe yuko nje ya geti. Nikatazama, kweli, kijana wa watu alikuwa ameshika nondo pale pale nilipozishika mimi wiki iliyopita.

Nikamwambia soja afungue. Akaniambia hawezi, atafukuzwa kazi. Nikamuamini. Naye ana watoto. Hasira zangu zikamwacha yeye zikaanza kupanda ngazi kutafuta hiyo "juu".

Mwezi ujao ulikuwa mbali vya kutosha kwa barua. Nikaiandika jioni ile ile. Nashukuru mwalimu wangu wa Kiswahili alitusumbua na barua rasmi mpaka anwani mbili na ile MINT: ya kutangulia mada zikatuingia kwenye damu. Rasimu ya kwanza mume wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Hapa umemwita mtu punda."

"Sijamtaja jina."

"Punda toa. Na hapa, 'Mungu atawauliza', toa, wataona ni vitisho."

"Mungu ni vitisho?"

"Kwa ofisi, ndiyo."

Akatoa matusi yote, barua ikabaki nusu. Nusu hiyo ilikuwa kali zaidi, sijui kwa nini.

Asubuhi tukashika njia hadi ofisi ya afya ya eneo letu, Bibi mkono begani. Malalamiko yalipokewa dirishani, karani ndani, sisi nje. Alikuwa kijana mstaarabu. Akaitazama barua, akasema mlalamishi ni mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo aweke sahihi. Nikamwambia haandiki, ataweka kidole. Akakuna kichwa.

"Kile kidau cha wino kiliondolewa. Kila mtu alikuwa anakigusa. Korona."

Nilihisi ile hasira ya uani inarudi kuanzia kwenye nyayo. Bibi naye akaihisi, maana mkono wake ulinibana bega. "Mke mwenzangu, huna wanja?"

Ninalo. Mwanamke wa Mombasa akose wanja? Nikalitoa mkobani, nikampaka kidole gumba mpaka kikawa cheusi tititi. Karani akachungulia.

"Hilo si wanja?"

"Ni jeusi?"

"Jeusi."

"Kidole ni chake?"

"Ni chake."

Nikamshika Bibi mkono nimwelekeze kwenye karatasi, akauvuta. Kidole akakiinua juu.

"Siweki kidole changu penye neno nisilolisikia. Soma kwanza."

"Hapa, Bibi? Kuna watu."

"Na wasikie."

Nikasoma, kwa sauti, foleni nzima ikisikiliza:

"MINT: MALALAMIKO KUHUSU WAGONJWA WASIOONA KUTENGANISHWA NA WANAOWAONGOZA.

Mimi ni mkaaji wa Timbwani na sioni. Barua hii nimeandikiwa na mjukuu wangu. Katika zahanati ya mtaani kwetu kila mgonjwa hutakiwa kusimama peke yake ndani ya duara, na anayemwongoza hubaki nje. Kwa sababu hiyo nilipotezwa humo ndani, nikaitwa kwa ishara nisiyoweza kuiona, nikarudi bila dawa ya presha, na siku chache baadaye nikaanguka. Yapo mengine kama mimi. Tumemuacha mmoja pale.

Hatupingi kujikinga. Tunanawa, tunavaa barakoa, na mikono ya watu tumeacha kuishika ingawa ni kazi kubwa kwetu kuliko kwenu. Tunachopinga ni kuachwa wenyewe tukaambiwa ndiyo kulindwa.

Tunaomba haya. Asiyeona, asiyesikia na asiyeweza kusimama aruhusiwe kuingia na mtu wake mmoja wa nyumbani. Mgonjwa aitwe kwa sauti, na barakoa ikimzuia muuguzi, atafutwe mwenye koo. Agizo hili lipelekwe kwa maandishi mpaka getini, ili soja asilazimike kuchagua kati yetu na mshahara wake.

Naomba kujibiwa kabla ya siku yangu ijayo ya dawa. Jibu lisibandikwe ukutani. Niambiwe kwa mdomo."

Kidole cha Bibi kilikuwa bado hewani.

"Hapo penye 'mengine kama mimi'. Andika 'wengine'. Sisi si magunia."

Nikarekebisha kwa kalamu ya karani. Kisha nikamwelekeza mkono, akakishindilia kidole kwenye karatasi, na karani akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili, yao na yetu.